Daftari na Amana

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu wafaa kuwa umezaliwa dukani, mahali ambapo mfanyabiashara aliyeitegemea kumbukumbu yake peke yake aliamka siku moja akakuta bidhaa zimekwisha, wadeni wamehama, na yeye hana la kumwambia mtu aliyempa mtaji. Daftari ni shahidi asiyelala. Humkumbusha mkopeshaji alichotoa, humkumbusha mkopaji alichopokea, na siku ya ugomvi huwekwa baina yao likasema bila kupendelea. Walakini msemo huo una jambo moja ambalo aghalabu halitazamwi. Hausemi daftari liandikwe na nani, wala lisomwe na nani. Yawezekana mali ikaandikwa vizuri sana, kila senti mahali pake, na bado ikampotea mwenyewe bila habari, kwa sababu daftari lililoandikwa halikuwa lake.

Swali hilo la zamani limerudi kwa sura mpya katika vyuo vikuu vya Tanzania, na mji wa Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kulitazama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi Oktoba 1961, na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba. Kisha kilihamia Mlimani, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na ofisi zake zikajulikana Kinondoni. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilifunguliwa Chang'ombe, Temeke, mwaka 2005. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, iko Kijitonyama, mahali ambapo hata kituo cha mabasi kimepata jina la Sayansi. Katika ofisi za namna hiyo majalada yaliyofungwa kwa kamba yanapungua mwaka hata mwaka. Mahali pake pameshikwa na hifadhidata za kompyuta, na miongoni mwa hifadhi hizo iko moja ambayo watumishi wengi huiona kuwa kazi kavu ya makarani: ile inayofuatilia maandiko ya kuombea fedha za utafiti na majina ya wafadhili.

Hifadhi hiyo ni daftari kwa maana kamili ya neno. Ina safu ya jina la mtafiti mkuu na idara yake. Safu ya kichwa cha andiko. Safu ya mfadhili. Safu ya kiasi kilichoombwa na sarafu yake. Safu ya siku ya mwisho ya kupeleka. Na safu ya hali ya andiko, kama limetumwa, linasubiri, limekubaliwa au limekataliwa. Andiko likikubaliwa, safu nyingine huongezwa: fungu la gharama za chuo, tarehe za kupokea fedha, tarehe za kutoa taarifa, na namba ya kibali cha utafiti. Mtu asiyeijua kazi hiyo aweza kuidharau. Aijuaye hawezi. Bila daftari hilo walimu wawili wa chuo kimoja huandika maombi mawili kwa mfadhili mmoja, kila mmoja bila habari ya mwenziwe, na wote wawili wakakosa. Bila daftari hilo siku ya taarifa hupita, na jina la chuo kizima likaharibika kwa uvivu wa mtu mmoja. Bila daftari hilo mwalimu mchanga aliyewaza wazo lake usiku hana tarehe ya kuonyesha kuwa wazo ni lake, siku mkubwa wake atakapolivaa kama kanzu. Hata andiko lililokataliwa lina faida likihifadhiwa, kwa kuwa hulifundisha andiko litakalofuata.

Kwa hiyo wema wa daftari hauna ubishi. Ubishi uko katika swali la pili: daftari hili ni amana ya nani kwa nani? Ukilisoma kutoka safu ya kwanza mpaka ya mwisho, utaona kuwa lina pande mbili tu. Upande mmoja amesimama aliyeomba, upande wa pili amesimama aliyetoa. Mwombaji huwajibika kwa mtoaji, na mtoaji hupima kama mwombaji ametimiza ahadi. Ni hesabu safi ya watu wawili. Lakini utafiti haufanywi na watu wawili. Uko upande wa tatu, nao ndio unaotoa kitu ambacho fedha ilikwenda kukitafuta.

Na utolewe mfano wa mama mmoja wa Tandika, anayekaanga maandazi mlangoni pake. Asubuhi anapigiwa hodi. Wanaingia vijana wawili wenye vitambulisho shingoni, nao wameongozana na mjumbe wa shina, kwa kuwa desturi ya mtaa hairuhusu mgeni apite bila mwenyeji. Wanamwamkia, wanaketi, wanamsomea karatasi ya ridhaa, kisha wanaanza kuuliza. Wanauliza nyumba ina watu wangapi, wanakula mara ngapi, maji yanatoka wapi, mtoto wa mwisho alizaliwa wapi, aliumwa nini, na aliyezikwa mwaka juzi alikufa kwa nini. Mama anajibu. Maandazi mawili yanaungua katika kikaango, naye anayatenga pembeni bila kusema. Baada ya saa nzima wageni wanashukuru, wanakwenda nyumba ya pili. Mwaka unapita, na miaka mitatu inapita. Mtafiti amepata shahada, chuo kimepata fungu lake, mfadhili amepata taarifa yake kwa siku iliyopangwa, na hifadhidata imeandika neno la kufurahisha: umekamilika. Mama wa Tandika hana neno hilo. Kwake yeye mambo hayajakamilika, kwa kuwa alitoa habari na hakupata habari. Ni mali iliyopotea kwa mwenyewe, ijapokuwa daftari lilikuwapo na liliandikwa kwa hati nzuri.

Labda itasemwa kuwa huo ni mfano wa kubuni, na kwamba mama huyo ni mmoja. Ni kweli ni mfano, lakini watu anaowawakilisha si wa kubuni. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Temeke na 982,328 katika Kinondoni. Wilaya hizi ziko karibu na vyuo, nauli yake ni ndogo, watu wake ni wengi, na matatizo yake ni mengi. Kwa sababu hiyo ni rahisi kwa mtafiti kuzifikia kuliko kijiji cha mbali. Uwepesi wa kufikiwa ni jambo jema pale msaada unapokuja, lakini ni mzigo pale maswali peke yake yanapokuja. Mtu aliyezoea kuulizwa bila kujibiwa hujifunza mambo mawili mabaya: kwanza kwamba elimu ni kitu cha kuchukuliwa kwake na kupelekwa kwa wengine, na pili kwamba ni afadhali kumjibu mgeni lile analotaka kulisikia ili aondoke mapema. Hapo uongo huingia katika utafiti kwa mlango wa uchovu, na hifadhidata nzuri kuliko zote haina dawa yake.

Haki ya upande wa tatu si jambo lililozuliwa jana. Mwezi Juni 1964 madaktari wa dunia walikutana Helsinki wakaweka misingi ya utafiti unaowahusu binadamu. Misingi hiyo imerekebishwa mara kadhaa. Rekebisho la mwaka 2000 lilieleza kwamba mtu anayeombwa kushiriki aambiwe, pamoja na madhumuni na njia za utafiti, chanzo cha fedha zake. Rekebisho la mwaka 2008 liliongeza kwamba kila jaribio la tiba liandikishwe, kabla ya mtu wa kwanza kushirikishwa, katika hifadhi iliyo wazi kwa watu wote. Yafaa kuyapima maneno hayo polepole. Hayasemi mfadhili aambiwe habari za mama. Yanasema mama aambiwe habari za mfadhili. Nchini kwenyewe, Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya matukio muhimu kwa maisha yake na juu ya masuala muhimu kwa jamii, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilitungwa mwaka 2016. Basi jina la mfadhili si siri ya ofisini ambayo mwananchi akipewa huwa ametendewa fadhila. Ni sehemu ya ridhaa yenyewe. Ridhaa ya mtu asiyejua anamridhia nani ni kama saini katika karatasi nyeupe.

Afrika Mashariki inajua kwa gharama yake maana ya mfadhili asiyejulikana. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Kiafrika waliotumia Kiingereza walikutana Makerere, mjini Kampala. Alikuwapo Chinua Achebe, alikuwapo Wole Soyinka, na alikuwapo mwanafunzi wa chuo hicho ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Mkutano huo ulisaidiwa na Kongamano la Uhuru wa Utamaduni, shirika lililokuwa na makao yake Paris. Shirika hilohilo lilisaidia jarida la Transition, lililoanzishwa Kampala mwaka 1961. Kufika mwaka 1967 ilikuwa imefichuka mbele ya dunia nzima kwamba nyuma ya shirika hilo ilikuwako fedha ya idara ya ujasusi ya Marekani, CIA. Rajat Neogy, mhariri wa Transition, alieleza kwamba hakuijua asili ya fedha hizo. Haikuwa lazima fedha hiyo igeuze sentensi hata moja ya mwandishi yeyote ili iwe imefanya ubaya. Ubaya wake ulikwisha kufanyika pale ilipowanyima watu wazima haki ya kuchagua. Mtu aliyeialikwa karamuni ana haki ya kumjua mwenye karamu kabla ya kunawa mikono. Akiambiwa baadaye, kila tonge alilokula humrudia kooni.

Kisa hicho kina fundisho la pili ambalo ni la ndani zaidi. Mkutano wa Makerere ulikuwa wa waandishi wa Kiingereza, na mlango wake ulikuwa na upana wa lugha hiyo. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika kwa Kiswahili mashairi, insha na hadithi kwa miaka mingi, hakuwa mtu wa kupita katika mlango huo. Alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962. Hakuna ulazima wa kusema kwamba mtu fulani alikaa akapanga kumfungia nje. Lilitosha sharti lililoandikwa mwanzo. Ndivyo ilivyo katika kila tangazo la fedha za utafiti hata leo: masharti huandikwa kabla ya waombaji kuzaliwa katika fikira ya mwandishi wake, na mtu asiyelingana na safu za fomu hakataliwi; huwa hakuonekana. Daftari la mfadhili huhifadhi majina ya walioomba wakapata na ya walioomba wakakosa. Halina safu ya maswali ambayo hayakuulizwa kamwe kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuyalipia.

Mfano mwingine ni wa lugha vilevile. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulifanyika uchunguzi mkubwa wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika nchi za Afrika Mashariki na jirani zake, Tanzania ikiwa mojawapo, kwa fedha za Ford Foundation ya Marekani. Kazi hiyo ilikuwa ya thamani, na wanafunzi wa isimu wangali wanaitumia. Kitabu kilichoihusu Tanzania kilitoka mwaka 1980, kikihaririwa na Edgar Polomé na C. P. Hill, na kilitoka kwa Kiingereza. Watu walioulizwa wanasemaje Kiswahili walipata jibu katika lugha ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma. Hakuna aliyevunja ahadi, kwa kuwa hakuna ahadi iliyokuwa imewekwa kwao. Safu hiyo haikuwamo daftarini.

Kutokana na mambo haya wako watu wanaoruka upesi mpaka kwenye hukumu kwamba fedha ya mgeni ni sumu, na kwamba chuo chenye heshima hakina budi kuikataa. Hukumu hiyo ina sauti kubwa na miguu myembamba. Kati ya mwaka 1995 na 1997 wanawake wajawazito 1,078 walioishi na virusi vya UKIMWI waliandikishwa Dar es Salaam katika utafiti wa vitamini, uliofanywa na Muhimbili pamoja na Chuo Kikuu cha Harvard kwa fedha za serikali ya Marekani. Matokeo ya kwanza yalichapwa mwaka 1998. Yalionyesha kwamba mchanganyiko wa vitamini ulipunguza vifo vya watoto tumboni na uzito pungufu wa wanaozaliwa, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi zilikuwa mbali na mkono wa maskini. Kadhalika mwaka 2004 ulianza Mpango wa Kudhibiti Malaria Mjini. Mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu ilianza kutiwa katika madimbwi ya kata tatu: Kurasini ya Temeke, Mikocheni ya Kinondoni na Buguruni ya Ilala, na baadaye kata zikafika 15. Shirika la Marekani la USAID lilikuwa miongoni mwa wafadhili. Waliozunguka na kuyachunguza madimbwi walikuwa wakazi wenyewe, waliopatikana kupitia serikali za mitaa. Ramani zilichorwa kwa kufuata mashina ya nyumba kumi. Na maambukizi yalipungua. Mtu atakayesema kuwa kazi hizo zilikuwa haramu kwa sababu ya mfuko zilikotoka, na aende akamwambie mzazi ambaye mtoto wake alipona.

Lakini utafiti uleule wa vitamini una sura nyingine inayofaa kuzingatiwa. Miongoni mwa matokeo yake ya baadaye lilikuwamo hili: vitamini A ilionekana kuongeza hatari ya mama kumwambukiza mtoto. Hakuna aliyelijua jambo hilo kabla, na kulijua ndiko kulikokuwa faida ya utafiti. Elimu hiyo ililinda watoto wengine duniani. Basi ni nani aliyekuwa na haki ya kwanza ya kuisikia kuliko wanawake ambao miili yao ndiyo iliyoitoa? Hapa linaonekana waziwazi jambo ambalo hesabu ya watu wawili hulificha. Mfadhili alitoa fedha, na fedha ikipotea hutafutwa nyingine. Mtafiti alitoa akili na wakati, naye akalipwa jina. Mshiriki alitoa kitu kisichorudishwa wala kubadilishwa. Kwa mizani ya haki, mwenye amana kubwa ndiye anayestahili ukurasa wa kwanza wa daftari, naye ndiye aliyekosa hata mstari.

Fedha, basi, haina najisi kwa asili yake, wala haina utakatifu. Ni amana, na amana hupata sifa yake katika namna ya kuwekwa na kurudishwa. Lakini kusema hivyo hakumalizi habari, kwa kuwa liko swali la utegemezi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba taifa linaloyajenga maendeleo yake juu ya zawadi na mikopo ya wengine huuweka uhuru wake rehani. Onyo hilo halikuwa la kinadharia. Mwezi Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Miaka sitini baadaye somo lilirudi bila kupiga hodi. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje; mwezi Mei mwaka huohuo Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo zilitangaza kuuzuia mtindo wa zamani wa kupitisha fedha kwa washirika wa nje kupitia vyuo vya Marekani; na tarehe 1 Julai USAID ilifungwa. Andiko lililokuwa limekubaliwa asubuhi lilikuwa limesimama jioni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wala nduguye hana kosa la kukifunga chake. Kosa ni la yule ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuhesabu ni sehemu gani ya chakula chake inatoka kwa jirani.

Hapa ndipo hifadhidata, ile kazi kavu ya makarani, inapopanda daraja ikawa kitu cha falsafa. Ikijumlishwa safu ya wafadhili kwa miaka kumi, huwa kioo. Huonyesha ni mangapi kati ya maswali ya nchi yameulizwa kwa fedha ya nchi, na ni mangapi yameulizwa kwa hiari ya watu wa mbali. Mwezi Januari 2006, Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilirudia ahadi ya kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, ahadi iliyokuwa imekwisha kutolewa kwa namna yake katika Mpango wa Lagos wa mwaka 1980. Ahadi inayorudiwa ni ahadi ambayo haikutimizwa mara ya kwanza. Kioo hakimpi mtu uso mzuri, lakini humnyima kisingizio cha kutojua uso wake.

Ziko hoja tatu za kupinga kulifungua daftari, na haki yataka zisikilizwe. Ya kwanza ni kwamba wazo lililo wazi huibiwa. Hoja hii ina ukweli kwa andiko ambalo bado linasubiri hukumu. Lifichwe, wala hakuna atakayelalamika. Lakini andiko likikwisha kukubaliwa na kazi ikaanza, siri yake imekwisha, na kuendelea kuificha huwa ni mazoea yaliyovaa joho la hekima. Ya pili ni kwamba habari za washiriki ni za faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda. Ni kweli, na ni vema. Lakini kinachoombwa kifunguliwe si habari za mama wa Tandika. Ni habari za waliomjia: majina yao, mfadhili wao, kiasi walichopewa, na walichokipata. Faragha iliwekwa kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Ikigeuzwa kumlinda mwenye nguvu dhidi ya mnyonge, imeibiwa.

Hoja ya tatu hunong'onwa zaidi kuliko kusemwa: ya kwamba watu wa mitaani hawatasoma, na wakisoma hawataelewa. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo yenye madhara kuliko zote. Mama aliyeaminiwa kuwa na akili ya kutosha kujibu maswali 80 ya dodoso hawezi ghafla kupungukiwa akili siku ya kuambiwa majibu. Wakazi walioweza kusaidia kuchora ramani za malaria za mitaa yao hawashindwi kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili juu ya yale yaliyoonekana katika ramani hizo. Na ikiwa kweli msomi hawezi kuyaeleza matokeo yake katika lugha ambayo aliulizia maswali, basi upungufu si wa msikilizaji. Serikali ya Marekani imeweka wazi hifadhi ya miradi ya afya inayoilipia, na kijana wa Mbagala mwenye simu aweza kukaa barazani, akaandika jina la Tanzania, akaona vichwa vya miradi na fedha zake. Ni ajabu ya zama hizi kwamba kijana huyo aweza kulisoma daftari lililo ng'ambo ya bahari, kwa lugha ya kigeni, kabla hajaweza kulisoma daftari lililo umbali wa nauli ya daladala, kwa kuwa hifadhi za ndani za vyuo kwa desturi hufunguliwa kwa neno la siri la mtumishi.

Linalotakiwa si kubwa. Hifadhidata yenye safu kumi na tano haitalemewa na safu ya kumi na sita. Safu hiyo iulize mambo matatu: ni mtaa gani ulioulizwa, ni siku gani mtaa huo ulirudishiwa habari, na kwa lugha gani. Na neno umekamilika lisiandikwe mbele ya mradi wowote mpaka safu hiyo ijazwe. Mfadhili mwema hatachukia, kwa maana hakuna mtu mwema anayeudhika akiona zawadi yake imefika. Mfadhili atakayechukia atakuwa amejitambulisha mwenyewe, na kujulikana kwake kutakuwa faida ya kwanza ya safu hiyo. Mtafiti naye atapata anachokikosa leo, yaani msomaji anayeweza kumwambia kwamba amekosea, kwa kuwa anayaishi yale ambayo yeye ameyaandika.

Amana si mali, wala si karatasi. Ni uhusiano baina ya mtu aliyetoa akiwa hana haja ya kuogopa na mtu aliyepokea akiwa hana ruhusa ya kusahau. Daftari liliwekwa ili kuutegemeza uhusiano huo pale kumbukumbu inapochoka. Likimkumbuka mwenye fedha likamsahau mwenye habari, huwa limeitimiza nusu ya kazi yake, na nusu ya uaminifu haijapata jina jingine zuri.

Siku moja yule mjumbe wa shina aweza kupiga hodi tena Tandika, safari hii bila dodoso, mkononi ana karatasi moja iliyotoka chuoni. Mama atafuta mikono kwa kanga, ataisoma au atasomewa, na pengine atasema kwamba jambo la tatu si kweli, kwa maana maji ya mtaa huo hayatoki siku walizoandika. Karani wa hifadhidata atalazimika kurekebisha. Hapo ndipo itakapokuwa haki kuandika kwamba mradi umekamilika.